Mkono uliofunga ngumi: niliyojifunza kwenye akupancha ya umeme baada ya kiharusi

Wiki za kwanza baada ya kiharusi mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelegea kabisa. Ukiuinua ukauachia, unaanguka. Kisha polepole ukaanza kujikunja wenyewe. Kiwiko kikapanda kifuani, kiganja kikainamia ndani, vidole vikafunga ngumi na kidole gumba kikafichwa chini yao. Ndugu waliokuja kunijulia hali walifurahi. Mmoja alijaribu kunifungua vidole, akakuta vinambishia, akawaambia wenzake kwamba nguvu zimeanza kurudi. Mtaalamu wa fiziotherapia alipofika aliwasikiliza wote, halafu akanigeukia: "Mzee, hebu ifungue hiyo ngumi." Sikuweza. "Basi ikaze zaidi." Hilo nalo sikuweza. Akaandika kitu kwenye faili lake, na tangu hapo mkakamao, yaani misuli kukaza yenyewe bila hiari yangu, ukawa mazungumzo ya kila siku nyumbani.

Nimeishi nao muda wa kutosha kuzijua tabia zake, na akupancha ya umeme, yaani sindano nyembamba zinazochomwa mwilini kisha kupitishiwa umeme kidogo, ni mojawapo ya mambo niliyoyajaribu. Wagonjwa wenzangu huniuliza swali lilelile: inatibu? Ninachoweza kusema ni kwamba inalegeza, na inalegeza kwa muda. Faida yote niliyoipata imetokana na yale tunayoyafanya mkono ukiwa umelegea.

Kwanza mkakamao wenyewe. Msuli ukivutwa ghafla, uti wa mgongo huujibu kwa kuukaza. Ndiyo maana mguu huruka daktari akigonga chini ya goti kwa kinyundo. Ubongo wenye afya huudhibiti mwitikio huo usizidi. Kiharusi kikiharibu njia zinazoshuka kutoka ubongoni, udhibiti unapungua na msuli unajibu kupita kiasi. Mwaka 1980 James Lance, daktari wa neva wa Australia, aliueleza mkakamao kwa jambo moja ambalo nimelithibitisha kwa mwili wangu: ukaidi wa msuli hutegemea kasi ya kuuvuta. Anayenivuta mkono haraka haraka anakutana na ukuta. Anayeuvuta taratibu, akasubiri, akavuta tena kidogo, anaruhusiwa. Binti yangu aliling'amua hilo mapema, na mpaka leo hakuna anayenivalisha shati kwa utulivu kama yeye.

Yapo mambo ambayo hakuna aliyenionya. Mwayo, kwa mfano. Nikipiga mwayo, mkono ambao siwezi kuuinua kwa hiari unapanda wenyewe hadi karibu na kidevu, unakaa hapo mpaka mwayo uishe, kisha unashuka. Mara ya kwanza nilidhani ni muujiza. Kumbe ni jambo linalojulikana kwa madaktari, na halina uhusiano na kupona. Chafya nayo inaukaza. Kibofu kikijaa, ngumi inakaza kabla sijahisi haja ya kwenda chooni. Choo kigumu, baridi, kiatu kinachobana, ukucha wa mguuni ulioota ukaingia nyamani, homa ndogo ya maambukizi ya mkojo: vyote hivyo mkono unavipokea na kuvijibu kwa kukaza. Kwa hiyo siku mkakamao unapozidi bila sababu, sisi nyumbani hatukimbilii kuongeza dawa. Tunaanza kukagua mwili kuanzia kwenye vidole vya miguu.

Na kuna kiganja. Ngumi isiyofunguka ina joto na jasho ndani yake. Ngozi inalowa, inachubuka, inatoa harufu ambayo mgonjwa mwenyewe huiona aibu kuitaja. Kucha zinakua, na kwa kuwa hazina pa kwenda zinachimba kiganja. Nasisitiza hili kwa sababu watu wakizungumzia tiba ya mkakamao huwa wanawaza kuandika, kushika kikombe, kurudi kazini. Kwangu shabaha ya kwanza ilikuwa kiganja kisafi.

Hospitalini nilianzishiwa baklofeni, dawa inayotuliza mwitikio ule kwenye uti wa mgongo. Ilinilegeza kweli, ila haikuchagua mahali pa kulegeza. Nilisinzia mchana, ulimi ukawa mzito, na dozi ilipopandishwa goti la kushoto likaanza kukunja nikisimama. Ikashushwa. Usiku nilifungwa splinti ya kuuweka mkono wazi. Daktari akataja pia sindano ya sumu ya botulini, ile ambayo wengi wanaijua kwa ajili ya makunyanzi ya uso: inachomwa ndani ya msuli unaosumbua, inazuia neva isiupe msuli amri ya kukaza, nguvu yake hudumu takriban miezi mitatu, kisha hurudiwa. Wakati bado nasubiri nafasi ya hiyo, mtaalamu wangu wa fiziotherapia akasema kuna daktari wa akupancha anayeshirikiana naye, na kwamba tunaweza kujaribu sindano za umeme kama nyongeza. Alilirudia neno nyongeza, akanitazama mpaka nilipoitikia.

Yule daktari hakugusa sindano kwa muda mrefu. Aliuliza maswali. Je, nina kifaa kilichopandikizwa kifuani cha kurekebisha mapigo ya moyo? Mwenye kifaa hicho hapitishiwi umeme wa namna hii, kwa sababu unaweza kukivuruga. Je, nimewahi kupata degedege au kifafa tangu kiharusi? Natumia dawa gani za kuzuia damu isigande, na vipimo vyangu vya damu vya karibuni vinasemaje? Kuna kidonda au maambukizi kwenye ngozi ya mkono? Kuna chuma mwilini? Nimekula? Mtu mwenye njaa au woga anaweza kuzimia akichomwa, ndiyo sababu mgonjwa hulazwa chali badala ya kuketishwa. Kama nitamshauri mtu jambo moja kuhusu kumchagua mhudumu, ni hili: asiyekuuliza maswali hayo, inuka uondoke.

Swali lililonigusa zaidi lilihusu hisia. Alinipapasa kwa pamba na kwa ncha butu, upande wa kulia kisha wa kushoto, nikiwa nimefumba macho. Upande wa kushoto nilikosa mengi. Akasema hapo ndipo hatari ilipo: mtu asiyehisi vizuri hawezi kusema umeme umezidi. Kwa hiyo alianza na mkono mzima, akaniwekea sindano mbili na umeme kidogo ili nijue unavyokuwa, na kwa mkono mgonjwa akaamua kufuata macho yake badala ya maneno yangu. Angepandisha mpaka aone msuli unatikisika kidogo, basi, asivuke hapo.

Sindano zenyewe ni nyembamba mno, robo ya milimita hivi, hazina tundu na hazibebi dawa yoyote. Kila moja ilitoka kwenye pakiti yake iliyofungwa, na ikishatumika inatupwa. Moja iliingia begani, moja kwenye ncha ya mkunjo wa kiwiko upande wa nje, nyingine chini yake kwenye nyama ya kigasha, nyingine nyuma ya kigasha juu kidogo ya kifundo, na ya mwisho kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Wachina wana majina ya sehemu hizo: Jianyu, Quchi, Shousanli, Waiguan, Hegu. Shirika la Afya Duniani limeziorodhesha sehemu 361 za namna hiyo kwa majina na herufi maalumu, ili daktari wa nchi moja akiandika, wa nchi nyingine aelewe. Mimi binafsi siamini wala sikatai habari za njia za nguvu ya uhai zinazopita mwilini. Nilichokiona ni kwamba nyingi ya sehemu alizonichagulia zilikuwa juu ya misuli inayokunjua mkono, au karibu na neva zake.

Bila umeme, sindano ikisokotwa kidogo, unapata uzito unaosambaa taratibu. Begani, ambako hisia zangu hazikupungua sana, niliusikia ukishuka mpaka karibu na kiwiko. Kisha akabana vibanio vidogo kwenye mashina ya sindano, waya zikiunganisha mbili mbili, na mashine ikawashwa ikiwa kwenye sifuri. Alizungusha kitufe kidogo kidogo huku akiukodolea macho mkono. Ghafla vidole vyangu vikaanza kucheza. Vinafunguka kidogo, vinarudi. Vinafunguka, vinarudi, mara mbili kwa sekunde. Binti yangu aliyekuwa ameketi upande wa miguuni akasimama.

"Baba, ni wewe unavisogeza?"

"Hapana, mwanangu. Natazama tu kama wewe."

Daktari alicheka, ila hakutuachia tufurahi sana. Alitueleza kwamba kile ni umeme unaoamrisha msuli, na ubongo wangu haujahusika. Kilichompendeza yeye kilikuwa kwingine: kila vidole vilipofunguka, misuli ya ndani ya kigasha, ile inayofunga ngumi, ilikuwa inalainika chini ya kidole chake. Ni kanuni ya zamani ya mwili. Msuli wa upande mmoja ukikaza, uti wa mgongo huutuliza wa upande wa pili, la sivyo kiungo kisingeweza kusogea. Charles Sherrington, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 kwa kazi yake juu ya neva, ndiye aliyeieleza kanuni hiyo kwa kina. Kwa hiyo umeme uliowekwa nyuma ya kigasha ulikuwa unawaomba maadui wa ngumi wasaidie.

Hapo pana ubishi miongoni mwa wahudumu, na mgonjwa afadhali aujue. Wapo wanaochoma misuli inayokunjua, kama huyu wangu. Wapo wanaochoma hiyohiyo iliyokakamaa, kwa hoja kwamba inachoshwa au inatulizwa. Wapo wanaofanya vyote. Mimi nilishuhudia kwa nini mahali pana maana. Umeme ulipopita kwenye ile sindano kati ya gumba na shahada, gumba langu lilivutwa ndani zaidi badala ya kutoka. Daktari akaliona palepale, akashusha mpaka sifuri, akahamishia kibanio nyuma ya kigasha, akaiacha ile ya Hegu bila waya. Mhudumu anayefuata kitabu asingeliona hilo kama angewasha mashine na kwenda kumwona mgonjwa mwingine. Baada ya hapo nilianza kumpima mhudumu kwa mahali anapoyaweka macho yake dakika tano za kwanza.

Watu hupenda kusema hii ni tiba ya maelfu ya miaka. Sindano, sawa. Umeme ni habari nyingine: Mfaransa Jean-Baptiste Sarlandière aliandika mwaka 1825 juu ya kupitisha umeme kwenye sindano kwa wagonjwa wa jongo na baridi yabisi, na nchini China namna hii ya sasa ilienea karne ya 20. Nasema hivyo kwa sababu ukongwe wa kitu hutumiwa kumnyamazisha mgonjwa asiulize. Mtu aulize.

Kuhusu kasi ya umeme, mashine yangu ilikuwa ikibadilisha: mapigo 2 kwa sekunde kwa sekunde chache, kisha 100, kisha inarudi. Mwanasayansi Han Jisheng wa Beijing alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba kasi ndogo na kasi kubwa huamsha kemikali tofauti za kutuliza maumivu: ndogo huamsha enkefalini na endofini, kubwa huamsha dinofini. Kazi hiyo ilihusu maumivu hasa. Lakini kwangu maumivu na mkakamao vilikuwa vinalishana. Bega la kushoto liliniuma usiku kucha, na kila lilipouma kiwiko kilijikunja. Kiwiko kikijikunja bega linavutwa, linauma zaidi. Nadhani sehemu nzuri ya nafuu niliyoipata ilipitia begani. Nikilala usiku, asubuhi mkono unakuwa mpole.

Nusu saa ikapita, mashine ikazimwa, sindano zikatolewa. Vidole vilibaki vimelegea. Sijasema vilifanya kazi. Havikuweza kushika hata kitambaa. Lakini binti yangu aliweza kuviingiza vyake kati ya vyangu bila kupigana, na aliufungua mkono mpaka tukakiona kiganja chote, chekundu na chenye alama nne za kucha.

Mtaalamu wa fiziotherapia alikuwa akitusubiri, na huo ndio uliokuwa mpango wao tangu mwanzo. Sindano zilipangwa kabla ya mazoezi, ili mkono ufike kwake ukiwa umetulia. Ananinyoosha taratibu, anaushikilia ulionyooka kwa muda mrefu, kisha ananipa kazi: kuusukuma mkono mezani kuelekea mbele, kuuegemea nikiwa nimeketi huku kiganja kimefunguka chini, kujaribu kuinua kifundo hata kama hakiinuki. Hayo ya mwisho niliyachukia. Unaamrisha, hakuna linalotokea, unaamrisha tena. Alisisitiza kwamba amri zenyewe ndizo mazoezi, na kwamba misuli ya ndani ikiwa imekakamaa amri hizo hazina nafasi ya kufika popote. Jioni ulegevu ulianza kupungua. Kesho yake asubuhi ngumi ilikuwa imerudi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mara nyingi, na mtu akinisimulia kwamba alichomwa mara moja akafunguka moja kwa moja, namsikiliza kwa heshima tu. Mabadiliko niliyoyaona yalikuja kwa wiki kadhaa: ulegevu ukawa unadumu zaidi, na ngumi inaporudi hairudi na ukali wa mwanzo. Kwenye faili mtaalamu aliandika kwamba kifundo kimetoka 3 kwenda 2 katika kipimo cha Ashworth kilichoboreshwa. Kipimo hicho kinaanzia 0, msuli usio na ukaidi, hadi 4, kiungo kisichokunjika wala kukunjuka. Mpimaji huvuta kiungo kwa mkono wake na kutoa alama kwa anavyohisi. Bryan Ashworth alikibuni mwaka 1964 akijaribu dawa kwa wagonjwa wa ugonjwa mwingine wa neva, na mwaka 1987 kikaboreshwa kwa kuongezwa alama ya 1+. Ni kipimo rahisi na kinasaidia, ila kinategemea mkono wa mpimaji, saa ya siku, hata joto la chumba.

Binti yangu alikuwa na vipimo vyake. Je, kucha zimekatika leo bila kutoka damu? Shati limevaliwa bila ugomvi? Kiganja kimekauka? Kwapa limeoshwa? Alikuwa anaweka alama ya vema kwenye kalenda. Naheshimu Ashworth, lakini kama ningelazimika kuchagua karatasi moja ya kumwonyesha daktari, ningempa ile kalenda.

Kwa wanaouguza, niongeze namna anavyoufungua mkono, maana alifundishwa na wataalamu na imetusaidia kila siku, kukiwa na sindano au bila. Havuti vidole kwa ncha. Kwanza anashika kigasha na kuuacha mkono utulie. Kisha anakikunja kifundo zaidi kuelekea ndani, upande uleule kinaotaka kwenda. Kano za vidole zinapata nafasi na vidole vinalegea vyenyewe. Hapo anatoa gumba, akilishika karibu na shina lake, si kwenye kiungo cha mwisho, kisha anafungua vidole vyote pamoja, na mwisho kabisa ndipo anakiinua kifundo polepole. Akiharakisha hatua yoyote, tunaanza upya.

Yeye pia ndiye aliyenitafutia utafiti, kwa kuwa alichoka kunisikia nikisema "wanasema". Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu akupancha katika kurejesha uwezo baada ya kiharusi yalikusanya majaribio 31 yenye washiriki 2,257. Yaliona dalili za faida, lakini yakasema ubora wa ushahidi ni mdogo na hautoshi kuifanya tiba ya kawaida kwa kila mgonjwa. Mapitio mengine ya mwaka 2017 yaliyohusu sindano za umeme hasa na mkakamao wa kiharusi yalikuta majaribio 22, washiriki 1,425, na yakahitimisha kwamba zikiongezwa kwenye matibabu ya kawaida zinaweza kupunguza mkakamao wa mkono na mguu ndani ya siku 180 za mwanzo. Nayo yakaomba majaribio yaliyofanywa vizuri zaidi.

Udhaifu wa majaribio hayo ninauelewa kwa kuwa nimelala kwenye kile kitanda. Utamdanganya vipi mtu kwamba anapewa umeme, na vidole vyake havichezi? Anayechoma naye anajua anachokifanya. Halafu kuna kule kulala nusu saa mahali palipo na joto na utulivu, mtu akiushughulikia mkono ambao wengine wanauepuka. Hayo peke yake yanalegeza. Siwezi kutenganisha, na sijifanyi kutenganisha. Nikiulizwa kama mgonjwa, naona ushahidi uliopo unatosha kujaribu kwa muda uliowekewa mwisho na kipimo, na hautoshi kuuza mali ili kujaribu. Mimi niliona afadhali tuandike mwanzoni kile tunachotaka kibadilike na lini tutaamua kuacha.

Mguu nao. Nilipoona mkono umetulia, nilitaka mguu ufanyiwe vivyo hivyo. Mguu wangu wa kushoto unanyooka kwa nguvu na unyayo unaelekea chini na ndani, kwa hiyo natembea nikiukwaruza. Daktari alikuwa tayari, lakini mtaalamu wa fiziotherapia akaweka mkono wake kwenye paja langu, akaniambia nisimame. "Unasikia hapa panavyokaza? Hapa ndipo unaposimamia, mzee. Nikipalegeza leo, utaketi chini bila kupenda." Nililikumbuka goti langu wakati wa ile dozi kubwa ya baklofeni, nikaelewa. Wakakubaliana paja lisiguswe, sindano ziwekwe mbele na pembeni ya muundi tu, penye misuli inayoinua unyayo. Unyayo ulicheza kama vidole vilivyocheza, na baada ya mazoezi ya kutembea kisigino kilikuwa kinatangulia kugusa chini kwa sehemu ya jioni hiyo. Mpaka leo kifaa cha kuushikilia unyayo ndani ya kiatu kinanisaidia zaidi ya sindano, na nakivaa kila siku.

Madhara niliyoyapata ni madogo: madoa ya kuvilia damu kwenye kigasha, kwa sababu ya dawa ninazotumia, na mara nyingine kizunguzungu nikiinuka haraka. Hatari kubwa ipo lakini ni nadra. Sindano ikizamishwa vibaya juu ya bega au karibu na mbavu inaweza kutoboa pafu, na hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali.

Kilichonitisha hakikuwa sindano. Mhudumu mwingine niliyepelekwa na jamaa, simtaji, alinihakikishia kwamba nikimalizana naye sitahitaji kidonge chochote, na kwamba nianze kwa kuviacha vyote ili mwili usafike. Baklofeni ikikatishwa ghafla inaweza kuleta mkakamao mkali kuliko wa awali, kuweweseka, hata degedege. Hupunguzwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Dawa za kuzuia damu isigande ndizo zinazonilinda na kiharusi kingine. Niliaga kwa adabu, binti yangu hakuaga.

Nafasi ya sumu ya botulini ilipofika niliichukua, na sindano za umeme zikabaki za hapa na pale, hasa ile miezi ambayo nguvu ya sumu inaelekea kuisha na bega linaanza kuuma. Kidole cha mwisho peke yake hakikuwahi kukubali chochote. Daktari alikivuta taratibu sana, kwa ule upole ambao msuli uliokakamaa kwa neva huwa unauitikia, na hakikusogea; akasema pale tatizo si amri ya neva tena, kano na tishu zenyewe zimefupika, na hakuna umeme wala dawa itakayozirefusha. Daktari wa mifupa ametaja upasuaji mdogo wa kurefusha kano. Binti yangu anautaka kwa sababu ya usafi wa kiganja. Mimi nimeomba kwanza nielezwe mkono utafungwa kwa muda gani baada yake, na nani atanisaidia wakati huo, ndipo nitoe jibu.